Nguruwe Aliyeitwa Direkta

Majuzi nilikuwa napita nyuma ya soko la Kamembe, mfuko wa nyanya mkononi, nikakutana na harufu ya manyoya ya nguruwe yakiunguzwa kwa majani makavu ya migomba. Nikasimama pale pale. Kijana wa pikipiki akaniuliza kama niko mzima, maana nilikuwa nacheka peke yangu katikati ya njia. Nilikuwa mzima, tena sana. Wenzangu wengine utoto wao unanukia mkate au mvua ya kwanza. Wa kwangu unanukia nguruwe, na sioni haya kusema.

Tulikuwa tumehamia Nkanka, upande wa Rwanda, kwenye kilima kinachotazama ziwa. Nasema kuhamia, lakini wazazi wangu walisema kurudi. Mimi nilizaliwa Bukavu, ng'ambo ile pale, na sikuelewa mtu anarudije mahali ambapo hajawahi kufika. Vita vya huku vilikuwa vimekwisha, na vya kule Kongo vilikuwa vimeanza. Jioni nyingine tulisikia milio kutoka ng'ambo, Papa akatuambia ni ngurumo. Tukabaki tunashangaa mvua ya Bukavu, kwa nini inapiga kelele hivyo na haivuki maji.

Papa alikuwa seremala, lakini kilimani walimjua zaidi kwa nguruwe. Desturi yetu ilikuwa hivi: nguruwe analala kwetu, ila anakula kwa watu wote. Mwaka mzima majirani walileta maganda ya viazi vitamu, majani ya maharagwe, avoka zilizooza, makombo ya kila aina. Krismasi ikifika, kila nyumba iliyoleta ganda inapata nyama yake. Kwa hiyo nguruwe hakuwa wetu. Alikuwa wa kilima kizima, na kila mtu alipita kumtazama na kumkosoa, mara amekonda, mara analala sana, kama vile ni mtoto aliyepelekwa kwa shangazi.

Krismasi ya kwanza nakumbuka vizuri. Wanaume walimfunga nguruwe miguu tangu asubuhi, wakamwacha jua likimpiga, wakanoa visu mbele yake huku wanapiga domo. Akalia. Ninyi mliowahi kusikia nguruwe akilia hamhitaji nieleze, na ambao hamjasikia siwezi kuwaeleza. Sauti ilishuka mpaka ziwani, ikapanda kilima cha pili. Ikaendelea hivyo mpaka kisu kilipoingia, na hata baada ya hapo. Na sisi watoto? Tuliruka juu kwa furaha. Kwetu ile ndiyo ilikuwa ngoma ya sikukuu. Tuligombania kibofu chake, tukakijaza upepo, tukakifunga kamba, tukacheza mpira mpaka kikapasuka.

Mchana mama yangu akanipa sahani iliyofunikwa, akanituma kwa jirani yetu Maman Dativa. Huyu alikuwa mjane, mwenyeji wa pale pale Nkanka, na nyumba yake ilikuwa imetenganishwa na yetu na mistari michache tu ya migomba. Zamani alikuwa akifanya biashara ya samaki Bukavu, kwa hiyo Kiswahili chetu, kile kinachosema bantu badala ya watu, alikijua, na ndiye aliyetufundisha Kinyarwanda sisi watoto tuliofika tukiwa mabubu. Alitufundisha kwa kututania. Ukikosea neno, alilirudia hivyo hivyo ulivyolikosea siku nzima mpaka ulichukie mwenyewe. Nilimpenda kupita kiasi. Tulimwita Maman Dativa ingawa huyo Dativa sikuwahi kumwona. Nilidhani yuko shule ya bweni, na kila likizo nilichungulia njia kuona kama amekuja.

Basi siku ile nikagonga mlango, kimya. Nikaita, kimya. Nikachungulia kwenye ufa, nikamwona amekaa chini pembeni, kitambaa amekizungusha masikioni, macho amefumba. Nikarudisha sahani. Kesho yake hakutoka, na keshokutwa hakwenda kisimani. Alipotoka hatimaye alikuwa amenyauka uso, hakumtania mtu.

Nikawaza, nikawazua, nikapata jibu langu mwenyewe bila kumuuliza mtu. Maman Dativa ni mtu wa Sabato! Shuleni nilikuwa na rafiki ambaye kwao husali Jumamosi, na yeye aliniambia kwao nguruwe hawamli, hawamgusi, hata harufu yake ni dhambi. Kila kitu kikaeleweka. Maskini, tulikuwa tumemnukishia dhambi nyumbani kwake! Tangu hapo nikawa mlinzi wa dini yake. Nikitoka bandani kulisha nguruwe, nanawa mpaka viwiko kabla ya kwenda kwake. Jumamosi nampitia na kumnong'oneza, "Sabato njema." Ananitazama, anasema, "Na kwako, binti yangu," halafu anatikisa kichwa. Jumapili nilimwona anakwenda misani na rozari yake mkononi. Hilo nalo halikunisumbua. Nikasema huyu mama ni mwerevu, anasali siku zote mbili ili asikosee.

Mwaka uliofuata nguruwe mpya alikuwa Direkta. Jina tulimpa sisi watoto kwa sababu alitembea kama mkuu wa shule, tumbo mbele, taratibu, akikagua kila kitu, na hakuna alichoridhika nacho. Alikuwa mnene, mweupe mwenye doa jeusi jichoni, na alipenda kukunwa tumbo kuliko kula. Ukimkuna, miguu inalegea, anaanguka upande kama gogo, anakoroma kabla hata hujamaliza.

Krismasi ilipokaribia, Maman Dativa alinikuta nachuma majani ya viazi. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida tu, siku gani tunachinja. Nikamwambia ni mkesha, asubuhi. Akasema vizuri, maana wakwe wa marehemu kaka yake kule Mibirizi wanamwita akakae nao, na yeye amefikiri ataondoka kabla ya siku hiyo. Nikamuuliza atarudi lini. Akasema kule kuna shamba, kuna kanisa, haoni sababu ya kurudi.

Nilikimbia nyumbani nikilia machozi na kamasi pamoja. Tulipokaa kula jioni, nikawatangazia wote kwamba Maman Dativa anahama kwa ajili ya nguruwe wetu, kwa sababu yeye ni mtu wa Sabato na sisi tunamchafulia dini. Nikasema tumle Direkta mbali, hata ziwani, lakini Maman Dativa abaki. Ndugu zangu wakacheka. Mama hakucheka. Aliweka kijiko chini.

"Maman Dativa anakula nguruwe," alisema. "Ni ile sauti."

"Sauti ya nini?"

"Ya nguruwe akifungwa. Inamukumbusha."

"Inamkumbusha nini?"

Mama alimtazama Papa, halafu akanitazama mimi.

"Bantu," alisema. "Bantu bake."

Sikuelewa yote, lakini nilielewa kwamba sitakiwi kuuliza tena. Usiku ule, nikiwa mkekani, ndipo nilipoanza kuacha kumngoja Dativa wa likizo. Hakuna aliyeniambia. Nilijua tu, na ilinichoma.

Papa hakumaliza chakula chake, na Papa hakuwa mtu wa kuacha chakula. Kesho yake nzima alikuwa karakanani bila kupiga hata msumari. Mama alitaka Direkta auzwe, yaishe. Papa akakataa. Kwanza alisema nguruwe si wake kuuza, ni wa kilima, watu wamebeba maganda mwaka mzima. Pili akasema neno ambalo mpaka leo naliona kubwa, ingawa alilisema huku anatafuta penseli yake: tukimuuza, atalia kwa mwingine. "Na yeye mwenyewe anayelia, munafikiri anaimba?" aliuliza. Alichinja nguruwe tangu ujana wake Bukavu, kwa mjomba wake, na siku zote alifundishwa kwamba kelele ni sehemu ya kazi, kama vumbi la mbao. Sasa alikaa akijiuliza ni nani aliyesema hivyo. Nguruwe hakuulizwa.

Akaenda kwa Maman Dativa, nami nyuma yake. Alivua kofia. Alimwomba abaki, akamwahidi kwamba mwaka huu hatasikia kitu. Maman Dativa alikuwa anapeta maharagwe, hakuacha kupeta.

"Bantu baliniahidi mengi," alisema.

"Najua."

"Nitafunga mzigo wangu, nitauweka hapa mulangoni. Nikisikia hata mara moja, naenda Mibirizi, na hamutaniona tena."

Hivyo ndivyo makubaliano yalivyokuwa. Mimi nilikwenda nyumbani na woga wangu, maana nilimjua Direkta na koo lake. Ukichelewa dakika kumpa maganda, anakutangaza mpaka parokiani.

Ni mama aliyetoa wazo la machicha. Alikuwa anatengeneza kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, na alikumbuka kwamba nguruwe wa kwao utotoni alikula machicha yaliyobaki akalala mpaka kesho yake. Papa akasema tujaribu kwanza, wiki moja kabla. Jamani! Machicha hayakutosha, au Direkta alikuwa na kichwa kigumu, sijui. Badala ya kulala, alichangamka. Alivunja mlango wa banda kwa kichwa, akashuka kilima anacheza, masikio yanapepea, sisi nyuma yake. Alipita katikati ya shamba la maharagwe la Papa Sifa, jirani yetu wa chini, akamkuta katekista anapanda na baiskeli, akamfukuza mpaka juu ya mparachichi. Katekista mzima, kanzu mkononi, anaomba watakatifu wote. Halafu Direkta akageuka, akapanda tena taratibu, tumbo mbele, akaingia uwanjani kwa Maman Dativa, akajitupa chini ya kivuli cha nyumba yake na kuanza kukoroma.

Sisi tukasimama mbali, hatujui kama tunaruhusiwa kuingia. Maman Dativa alitoka, akamtazama, akamsukuma kwa kidole cha mguu. Direkta akatoa pumzi ya kasiksi. Maman Dativa akaziba pua, na kicheko kikamtoka, kicheko cha tumboni, akashika ukuta, kitenge kikafunguka akakikamata kwa meno. Alisema marehemu mume wake alikuwa akirudi hivyo hivyo kutoka arusini, na kulala pale pale. Hata mama yangu alilia kwa kucheka. Direkta alilala mpaka jua likaanza kuzama, na hakuna aliyemwamsha.

Baada ya hapo kilima kizima kiliingia kazini. Kila nyumba iliyokuwa na kasiksi ilituletea machicha. Kazi yangu mimi ilikuwa kumkuna Direkta tumbo kila asubuhi, mahali pale pale chini ya migomba, ili siku ikifika asione kitu kipya. Papa naye alikuja kila asubuhi, akasimama tu karibu, akamzoesha harufu yake, akamgusa paji la uso kwa kiganja na kwenda zake. Kamba alizitoa bandani zote. Visu alinolea karakanani, mlango umefungwa.

Papa Sifa hakupenda. Yeye ndiye aliyeshika miguu kila mwaka, na alikuja na maoni yake: nguruwe asipolia, hewa mbaya inabaki ndani, nyama inakuwa chungu. Halafu akasema watu wanatubeza, tunambembeleza nguruwe kama bibi arusi, na mwisho wake ni chungu hicho hicho. Papa alimjibu kwamba chungu ni hicho hicho, ndiyo, lakini njia za kufika chunguni ziko mbili. Kufa atakufa. Kuogopa kutwa nzima, nani alimwandikia?

Maneno hayo nimetembea nayo. Nimekutana na watu wasiokula nyama kabisa, na sina ubishi nao, huenda wameona mbali kuliko sisi. Mimi nakula. Lakini siwezi kununua kuku aliyening'inizwa kichwa chini njia nzima kutoka Bugarama. Namwambia muuzaji amtie kikapuni, na kule sokoni wananicheka, eti huyu maman anawakatia kuku tiketi. Wacheke tu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kuku hawezi kukusimulia.

Mkesha wa Krismasi ukafika. Watoto tuliambiwa asiyeweza kunyamaza aende ziwani. Hakuna aliyekwenda. Tulizungumza kwa kunong'ona tangu alfajiri, na kunong'ona kwenyewe kulitupa kicheko, tukawa tunaziba midomo kwa mikono. Hata majogoo, nadhani, walituogopa. Kutoka chini ya migomba niliweza kumwona Maman Dativa uwanjani kwake. Mzigo ulikuwa mlangoni, umefungwa kwa kitenge. Yeye alikuwa ameketi juu ya kinu kilicholazwa, ungo mapajani, anapeta maharagwe ambayo yalikuwa yamekwisha kuwa safi tangu jana.

Direkta alikula machicha yake yote, safari hii beseni zima na zaidi. Alilamba beseni. Akatembea hatua chache, akasimama akiwaza, miguu ikaanza kubishana. Nikamkuna. Akaanguka upande kwa mguno mdogo, ule wa kuridhika, na jicho lenye doa likafumba. Nilimkuna mpaka akakoroma. Nilimhurumia Direkta, sitasema uongo, na nilimwogopea Maman Dativa, na vyote viwili vilikaa ndani yangu bila kugombana. Papa alikuja nyuma yangu pekupeku. Akaniwekea mkono begani, akaninong'oneza niende kumwambia mama aweke maji motoni.

Sikufika jikoni. Nilisikia kishindo kimoja tu, kama gunia la viazi lililoshushwa chini. Nikafunga macho, nikangoja. Nikangoja tena. Ndege mmoja alikuwa anaimba kwenye mti, na ungo wa Maman Dativa ulikuwa bado unasema shua, shua, shua. Nilipogeuka, kisu kilikuwa kimeshapita, na Papa alikuwa amepiga magoti, nyundo yake kubwa ya useremala kando, na kiganja chake bado kimelala juu ya paji la Direkta. Papa Sifa alisimama kando, mikono mitupu, hana mguu wa kushika. Halafu akavua kofia, akasema kwa sauti ya chini kwamba afadhali hivi.

Papa alimfunika kwa majani mabichi ya migomba, akaenda kunawa. Hakuna aliyeshangilia. Tulibaki tunatazamana, mabega yanatetemeka kwa furaha tusiyojua pa kuiweka.

Jua likapanda. Moto bado haujawashwa. Mara tukamwona Maman Dativa anakuja kwenye migomba, mzigo kichwani, uso umekaza kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Watu wakampisha. Alisimama mbele ya Papa.

"Munangoja nini?" aliuliza. "Jua limepanda, na mimi siwezi kukaa hivi tena. Mumuchinje sasa, nijue kama naenda ao nabaki."

Papa aliinama, akainua majani.

Maman Dativa alitazama chini. Akalitazama banda, mlango wazi. Akatutazama sisi, mmoja mmoja.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Kitambo," alisema mama. "Ulikuwa unapeta maharagi."

"Nilikuwa pale?"

"Ulikuwa pale pale."

Midomo yake ilicheza, nikadhani analia, na kweli machozi yalikuwepo, lakini hakuyafuta na wala hayakumzuia. Aliushusha mzigo kichwani akanikabidhi. Ulikuwa mwepesi, mtoto angeweza kuubeba kwa mkono mmoja.

"Peleka ndani kwangu," alisema. "Usukume chini ya kitanda, kabisa mpaka ukutani. Halafu urudi mbio, maana ile ngozi ikiiva, hawa batoto batakumalizia."